Somo: Jinsi ya kuingiza mswada wa riwaya kwenye shindano

Somo hili ni la mwenye riwaya iliyokwisha, imelala kwenye kompyuta, na mwenyewe anaogopa kuituma.

Hatua ya 1: Soma masharti kalamu mkononi. Andika idadi ya maneno, waandaaji wanamaanisha nini wakisema "haijachapishwa", na haki unazowapa. Hapo kwenye haki ndipo wengi huteleza. Sharti kwamba mshindi atachapishwa na waandaaji ni la kawaida. Likisema kila mshiriki, hata asiposhinda, anawakabidhi haki zote za kazi yake, achana nao. Usilitoe jasho lako la miaka mitatu kwa kujaza fomu.

Hatua ya 2: Uache mswada wiki mbili, kisha usome kwa sauti. Komaa na kurasa kumi za mwanzo, maana waamuzi wana rundo la kusoma. Riwaya yangu ilianza hivi: "Ilikuwa asubuhi tulivu, ndege wakiimba, jua likichomoza polepole, Zuhura alipoamka na kukumbuka kwamba leo ndiyo siku ya kesi." Niliposoma kwa sauti nilisikia hadithi inaanzia kwenye neno "kesi". Nikabakiza: "Siku ya kesi, Zuhura aliamka hana sauti."

Hatua ya 3: Andika muhtasari unaofichua mwisho. "Je, Zuhura atampata mwanawe?" ni maneno ya jalada la nyuma. Mwamuzi anataka hivi: "Zuhura anamkuta mwanawe ameshalelewa na wengine, anarudi bila kujitambulisha."

Hatua ya 4: Panga kurasa. Wasipotoa maelekezo, tumia A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, pambizo za sentimita 2.5 na namba za kurasa. Ukurasa wa namna hiyo hubeba maneno kama 250, kwa hiyo maneno 80,000 ni kurasa 320 hivi.

Hatua ya 5: Futa jina lako, kama usomaji ni wa siri, yaani waamuzi wanasoma bila kujua mwandishi ni nani. Mimi nililitoa kwenye jalada nikasahau ukurasa wa shukrani kule mwishoni. Mswada ukaondolewa, na iliniuma sana. Tafuta jina lako kwenye faili zima, kisha fungua sifa za faili (Properties), maana programu huandika jina la mwenye kompyuta humo bila kukuuliza.

Hatua ya 6: Tuma siku tatu kabla. Saa 23:59 za GMT ni saa 8:59 usiku Afrika Mashariki, na tarehe imeshageuka. Ukishatuma, hifadhi ujumbe wa kupokelewa.

Maswali na majibu

Swali: Mwalimu, niliweka sura tano mtandaoni. Bado haijachapishwa?
Jibu: Inategemea masharti yao. Wengine huhesabu hata sura moja iliyo wazi kwa umma. Waandikie uwaulize, na jibu lao ulitunze. Zipo tuzo zisizobagua: Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa 2014, ilipokea miswada na pia vitabu vilivyochapishwa karibuni.

Swali: Naogopa kuibiwa. Nisajili hakimiliki kwanza?
Jibu: Kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa Berne wa 1886, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, ulinzi haudai usajili, kazi ni yako tangu ulipoiandika. Ila kinacholindwa ni maandishi, wazo tupu halilindwi. Tunza rasimu zako zote na tarehe zake.

Swali: Naweza kutuma mashindano mawili kwa mpigo?
Jibu: Kama yote mawili yanaruhusu, tuma. Ukishinda moja, liarifu la pili siku hiyohiyo.

Swali: Samahani mwalimu, wao wanataka sura tatu tu, nami bado sijamaliza sura mbili za mwisho. Nitume?
Jibu: Usitume, ndugu yangu. Ukivuka mchujo wa kwanza wataomba mswada wote, pengine kwa siku chache tu. Sura za mwisho zilizoandikwa kwa kukimbizwa zinaonekana. Zimalize kwanza, uingie awamu ijayo.