Skripti Inapofanya Kazi Mchana na Kugoma Usiku

Skripti (faili la amri) ya kunakili hifadhidata ya duka moja la vipuri katika Barabara ya Kirinyaga, hapa Nairobi, ilikamilika kila nilipoiendesha kwa mkono, ilhali ilipoachiwa cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba, iiendeshe usiku, kila asubuhi hapakuwa na nakala yoyote. Nilipoteza siku mbili nikikisia. Siku hizi naanza kwa kuifanya skripti iseme.

Hatua ya 1. Fungua ratiba kwa `crontab -e`, kisha mwishoni mwa mstari wa kazi uongeze `>> /home/duka/nakala.log 2>&1`, ili matokeo na makosa yote yaandikwe. Kwenye Ubuntu, `grep CRON /var/log/syslog` kwa kawaida itakuonyesha kama kazi ilianzishwa. Ikiwa haikuanzishwa kabisa, nenda hatua ya 3.

Hatua ya 2. Linganisha mazingira, yaani mipangilio ambayo skripti huikuta inapoanzishwa, kwa kuwa hapa ndipo mengi huharibika. Cron haisomi `.bashrc` yako (faili la mipangilio yako ya terminali), na kwa kawaida hutafuta programu katika `/usr/bin` na `/bin` pekee, kwa hiyo chombo kilichowekwa `/usr/local/bin`, kama changu kilivyokuwa, hakionekani. Iga hali hiyo:

`env -i HOME="$HOME" PATH=/usr/bin:/bin /bin/sh -c /home/duka/nakala.sh`

Kosa likijitokeza, andika njia kamili ya kila programu na kila faili. Hakikisha pia kwamba mstari wa kwanza wa skripti ni `#!/bin/bash` ikiwa umetumia `[[ ]]`, kwa maana `sh` ya Ubuntu, programu inayosoma amri, haiyaelewi mabano hayo. Alama ya asilimia ndani ya ratiba yenyewe huandikwa `\%`, la sivyo cron huikata amri papo hapo.

Hatua ya 3. Kagua saa kwa `timedatectl`. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Saa nane usiku kwetu ni 2 kwa cron (nimewahi kuona mtu ameandika 8), na kwa UTC ni 23 ya siku iliyotangulia. Kwa hiyo kazi ya usiku wa kuamkia Jumatatu huandikwa `0 23 * * 0`, yaani Jumapili. Ukipendelea kubadilisha saa ya seva yenyewe, tumia `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi`, kisha uanzishe cron upya kwa `sudo systemctl restart cron`, kwani bila hivyo huenda ikaendelea kufuata saa ya zamani.