Kumfundisha punda kubeba na kuvuta bila fimbo

Punda anaposimama ghafla katikati ya njia, hajakataa kazi. Farasi akiogopa hukimbia; punda akiogopa husimama, hutazama, kisha huamua. Ukimchapa wakati huo unamthibitishia kwamba palikuwa na jambo la kuogopwa, na kesho atasimama palepale. Hili ndilo la kushika kwanza huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, awe punda wa kuchota maji Isimani au wa kuvuta mkokoteni wa mpunga kule Mbarali.

Mzoeshe kuguswa tangu mdogo, lakini asibebe mzigo kabla ya kutimiza miaka 3, na kazi nzito ingoje miaka 4, mifupa ikomae. Mfundishe mwenzake akiwa karibu. Punda hushikamana wawiliwawili. Ukiwatenganisha siku ya kwanza utapambana na upweke wake, nawe utadhani ni ukaidi.

Tumia hatamu ya kamba laini au utepe mpana, iliyolegea kiasi cha vidole viwili kupita chini yake. Nailoni nyembamba huchana ngozi ya pua. Lijamu, yaani chuma cha mdomoni, halihitajiki kwa kazi hizi.

Simama usawa wa bega lake, usimkabili usoni. Sema "twende", kisha vuta kamba kidogo na ushikilie kwa nguvu ileile bila kuongeza. Akisogeza mguu mmoja, hata akiegemea mbele tu, legeza hapohapo. Kulegea kwa kamba ndiko kunakomwambia amefanya sawa, kuliko pumba utakazompa baadaye. Wengi huharibu hapa: punda ameshapiga hatua, mwenye kamba anaendelea kuvuta kwa sababu anataka kufika. Punda anaona kutii hakumpunguzii kitu, anakaza miguu. Kosa jingine ni kulegeza wakati anarudi nyuma, maana hapo umemfundisha kurudi nyuma. Akikwama kabisa, mgeuze kichwa taratibu pembeni ili avushe mguu wa mbele. Hatua ya pembeni humjia kwa urahisi zaidi. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinatosha, na umwachie akiwa ametoka kufanya vizuri.

Tazama masikio. Yakielekea mbele, anachunguza, mpe muda. Yakilala nyuma na mkia ukabanwa, umekwenda haraka mno, rudi hatua moja. Ila punda huficha maumivu: aliyetulia kupita kawaida, kichwa chini na hali majani, huenda ni mgonjwa. Mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya kumsifu kwa utii.

Kwato zifundishwe mapema. Simama kando ya bega ukitazama mkia, telezesha mkono kutoka begani mpaka juu kidogo ya ukwato, bana kidogo. Akiinua, shikilia sekunde 3 kisha rudisha mguu chini wewe mwenyewe kabla hajaunyakua. Ongeza muda polepole, kwa sababu kwato zinahitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10.

Kwa mzigo wa mgongoni, shona mito miwili minene ya nyasi, mmoja kila upande, na katikati pabaki mfereji ili kitu chochote kisiguse uti wa mgongo. Mwache anuse gunia tupu, mpapase nalo shingoni na ubavuni, kisha mtandike. Akishalizoea, lijaze maganda ya mahindi: ni mepesi lakini yana mchakacho, na sauti ndiyo inayomtisha. Uzito huja mwisho. Kwa punda mzima mwenye afya usivuke kilo 50. Madumu mawili ya maji ya lita 20, moja kila upande, ni kilo 40, na hapo panatosha. Gunia la mahindi la debe 6 lipande mkokotenini.

Nira ya ng'ombe usimvishe kamwe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu. Punda hana nundu, hivyo nira humchubua shingo mpaka nyama ionekane. Nguvu yake iko kifuani. Mtengenezee ukanda wa kidari wenye upana wa sentimita 8 hadi 10, uliofunikwa blanketi. Ukanda huo ukiwa juu sana humkaba koo, ukishuka sana huzuia mabega.

Kabla ya mkokoteni, mtu aburute tairi kuukuu mbele yake, punda afuate. Kinachomkimbia hakimtishi. Kisha liburutwe kando yake, kisha nyuma, ndipo alivute mwenyewe. Baada ya hapo mfunge kwenye mkokoteni mtupu, sambamba na punda mzoefu.

Katika milima yetu, kama ya Uporoto, mteremko ni hatari kuliko mlima. Mkokoteni usio na breki wala ukanda wa makalio, yaani unaopita nyuma ya mapaja yake kuzuia mkokoteni, humgonga miguu ya nyuma, naye akishagongwa mara moja ataogopa kila mteremko. Weka vyote viwili kabla ya safari ya kwanza.

Jike mwenye mimba, ambayo huchukua kama mwaka mzima, apumzishwe miezi 3 ya mwisho. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili wote wanahitaji paa: manyoya ya punda hayazuii maji, baridi ya huku ikamkuta amelowa hupata kichomi. Tandiko lililolowa nalo likauke kabisa kabla ya kuvishwa tena. Ukiona nywele zimekatika au ngozi ina joto chini yake, hapana mzigo mpaka papone na mto ushonwe upya.