Jinsi ya kuangalia maigizo ya muziki London bila kuumia mfukoni (kiti kwanza, jina baadae)

Kila mgeni akitua London kutoka nyumbani, akishapiga picha zake pale kwenye saa kubwa, ananiuliza swali lilelile, eti nikaangalie igizo gani la muziki. Siku hizi jibu langu ni moja tu, igizo utalipata ila tafuta kiti kwanza. Mtu anatoa pauni 150 anaenda kukaa nyuma ya nguzo, mwenzie kalipa 30 yuko juu huko anaona kila kitu, alafu wote wanatoka mlango mmoja wanasema wameona kitu kimoja. Wapi bwana.

Kwa wale wanaojiuliza tunaongelea nini, kama ulikulia nyumba yenye ile kanda ya video ya Sarafina basi ushaonja. Ile kabla haijawa filamu mwaka 1992 ilikuwa igizo la jukwaani la Mbongeni Ngema, lilianzia Market Theatre pale Johannesburg 1987, mwaka uliofuata likaenda Broadway New York likachezwa mara 597, na Leleti Khumalo unayemjua kwenye filamu ndo huyohuyo aliyekuwa anaimba jukwaani. Sasa London wana mitaa mizima ya majumba ya namna hiyo, yamebanana kuanzia Leicester Square mpaka Strand na mengine yako Victoria, na kawaida wanapanda jukwaani mara 8 kwa wiki, yaani jioni 6 na mchana mara 2. Ukiwa unafanya kazi za shifti kama wengi wetu huku, zile za mchana ndo mkombozi.

Tiketi

Usiandike jina la igizo kwenye Google ukabonyeza kitu cha kwanza kinachotokea, mara nyingi hao wa juu ni madalali wameweka chao juu ya bei. Ingia tovuti ya jumba lenyewe. Ukishaona bei ya huko ndo uanze kulinganisha na kwingine.

Kama huna haraka na huchagui sana nenda kile kibanda cha TKTS pale katikati ya Leicester Square, wanauza tiketi zilizopunguzwa bei, za siku hiyohiyo na za siku chache mbele, unapanga foleni na watalii wenzako. Alafu kuna programu ya TodayTix kwenye simu, majumba mengi yanatoa viti vichache asubuhi kwa bei ya kutupa, inabidi uwe na kidole chepesi. Igizo la Hamilton wao wana bahati nasibu, ukishinda unalipa pauni 10, na mara nyingi ni viti vya maana kabisa. Nina jamaa yangu anaicheza kama anavyocheza mikeka ya mpira. Bado anaicheza.

Jumanne, Jumatano bei zinakuwa na adabu. Jumamosi usiku usiguse kama unalipa mwenyewe.

Kiti sasa

Kwenye tiketi utaona ghorofa ya chini imeandikwa Stalls, ya juu yake Royal Circle au Dress Circle, huko juu zaidi Upper Circle au Grand Circle, na baadhi ya majumba yana nyingine tena inaitwa Balcony, hiyo unapanda ngazi mpaka unakumbuka madhambi yako yote. Haya majumba mengi yamejengwa zama za Malkia Victoria au muda mfupi baadae, wakati watu walikuwa na miguu mifupi sijui, magoti yanagusa kiti cha mbele, na mengine yana nguzo katikati ya watu. Ukiona kiti kimeandikwa Restricted View usikimbie na usikikimbilie, ingia tovuti ya SeatPlan uone picha watu walizopiga wakiwa wamekaa palepale. Wakati mwingine kinachozibwa ni kona ndogo tu ya jukwaa, wakati mwingine ni nusu ya igizo.

Ila kitu ambacho hakuna anayekwambia ni kwamba kiti kizuri kinategemea igizo lenyewe linafanya nini na lile jumba.

The Lion King, iko jumba la Lyceum tangu Oktoba 1999. Hapa kaa chini, tena pembeni kabisa ya njia ya kupita watu. Mwanzo Rafiki, yule nyani mganga, anasimama peke yake anapiga ule wito wa Kizulu, anajibiwa kutoka pembeni, wewe bado unashangaa sauti inatokea wapi unageuka hivi unakuta tembo anapita ubavuni kwako, ndani yake kuna watu wanne, kila mmoja ni mguu. Ukiwa juu hicho kipande unakikosa, unasikia tu watu wa chini wanaguna. Twiga nao ni mtu mmoja mmoja, kapanda mironjo miguuni na mikononi anatembea kwa minne, shingo ndefu imetokea kichwani kama kofia, na sura yake wala haijafichwa, unamwona anavyovuta pumzi. Mwongozaji wake Julie Taymor ndo aliamua hivyo, mtu na mnyama uwaone wote kwa pamoja, na 1998 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tony, ile tuzo kubwa ya maigizo ya Broadway, ya kuongoza igizo la muziki. Kwangu mimi dakika 10 za kwanza zinamaliza hela ya tiketi, katikati panalegea kidogo, siongopi. Na jiandae, fisi akiitwa Shenzi utacheka peke yako safu nzima.

Hamilton, igizo la kurap kuhusu Alexander Hamilton, mwanasiasa wa Marekani ya zamani, iko jumba la Victoria Palace, na hapa ni kinyume chake kabisa. Usiumize mfuko kwa kiti cha chini, panda juu. Sakafu ya jukwaa ina duara mbili, moja ndani ya nyingine, zinazunguka, na wachezaji wanachora maumbo ambayo wa chini hawayaoni. Kuna wimbo wa Angelica kwenye harusi ya mdogo wake, harusi nzima inarudishwa nyuma kama mtu kashika rimoti, watu wanatembea kinyumenyume, duara linageuka, ukiwa juu unaona kila mmoja anavyorudi pale alipokuwa. Na ile duwelo ya mwisho, yaani pambano la bastola la watu wawili, dansa mmoja kashika risasi kwa ncha za vidole anaipeleka taratibu kuelekea kwa Hamilton huku yeye anaongea, nimeshaiona nikiwa mbele na nikiwa juu, ya juu ndo iliyonitoa machozi.

The Phantom of the Opera, jumba lake sasa linaitwa His Majesty's, ipo hapo tangu Oktoba 1986. New York waliifunga Aprili 2023 baada ya maonyesho 13,981, London bado. Hapa mwenyeji ni ile taa kubwa ya vioo inayopanda juu mwanzoni muziki ukianza, alafu kipande cha kwanza kikiisha inashuka. Sasa ukikaa chini safu za nyuma, ghorofa ya juu imekufunika kama kofia, taa huioni, unaona watu wa mbele wanaangalia juu tu. Kaa nusu ya mbele au ghorofa ya kwanza.

Les Misérables nina kinyongo nayo, niseme tu. Ilianza ukumbi wa Barbican Oktoba 1985 na miaka yote ilikuwa na jukwaa linalozunguka. Ile vita ya vijana waasi ikiisha kizuizi kizima cha mbao na meza na viti kilikuwa kinageuka taratibu, hakuna anayeimba, unaonyeshwa upande wa pili, kiongozi wao Enjolras kaning'inia kichwa chini juu ya bendera nyekundu. Jumba zima kimya. 2019 jumba ilipohamia wakalifunga wakalikarabati, likabadilishwa jina kutoka Queen's kuwa Sondheim, igizo likarudi bila duara, wameweka picha za kurusha ukutani nyuma zilizotokana na michoro ya Victor Hugo mwenyewe. Ni nzuri, sauti ni zilezile, ila mimi nataka duara langu. We ambaye hukuiona ya zamani hutajua unachokosa kwa hiyo nenda tu, kaa Dress Circle.

Utaelewa wanachoimba?

Hili watu wanaogopa kusema. Kiingereza cha kuimbwa, okestra inapiga, watu wa Hamilton kwa pamoja wanarap na kuimba maneno zaidi ya 20,000 usiku mmoja, hata Waingereza wenyewe yanawapita. Hamilton sikiliza albamu kabla, wiki nzima ukiwa kwenye basi. Les Mis soma muhtasari wa hadithi tu inatosha, maana karibu yote inaimbwa, hamna maongezi ya kukuokoa. Nyingine nenda hivyohivyo usiharibu.

Alafu fuata mahadhi kuliko maneno. Sisi watu wa taarabu na kaswida hili tunalo, tunajua mahadhi yakirudi na maneno mengine kuna kitu mtu anataka kukwambia. Les Mis imejengwa hivyo mwanzo mpaka mwisho. Fantine anapokufa anamwimbia mwanae mahadhi fulani, baadae Éponine anatembea usiku peke yake na mapenzi yake ya upande mmoja, ni mahadhi yaleyale. Yule askofu anayemsamehe Valjean mwizi wa vyombo vya fedha, mahadhi yake yanarudi mwishoni Marius akiwa kwenye viti vitupu vya rafiki zake waliokufa. Hakuna mtu anakuelezea. Ukishaisikia hiyo mara moja basi tena, kila igizo utakuwa unategesha sikio.

Kama bado una wasiwasi anza na Six, wake 6 wa Mfalme Henry wa 8 wanashindana nani aliteseka zaidi, ni dakika 80 tu hamna mapumziko, muziki wa pop, wanafunzi wa Cambridge waliitengeneza wakaipeleka Edinburgh 2017 na leo iko dunia nzima.

Ukiwa ndani

Fika nusu saa kabla. Ukichelewa wanakuzuia mlangoni mpaka wimbo uishe, na hawaoni aibu. Simu zima kabisa. Koti unalipakata. Ukiwa ghorofa za juu usiinamie mbele, hata kama unaona vizuri zaidi, maana aliyeko nyuma yako anaona kisogo chako tu, hiki ndo kitu kinachosababisha ugomvi kuliko simu. Kitabu cha programu London unalipia, New York wanakupa bure, na humo au pale ukumbini angalia kama mwigizaji mkuu hayupo leo. Usinune. Wa akiba mara nyingi ndo anaimba kama maisha yake yote yapo hapo, nimeona kina Christine wa akiba, yule dada mwimbaji wa Phantom, waliowafunika wenyewe.

Mapumziko ni dakika 15 au 20. Wanawake mkimbie chooni sekunde taa zikiwaka, foleni yake si mchezo. Wanapita wanauza aiskrimu za vikopo vidogo, kijiko kiko ndani ya kifuniko, watu wanahangaika kukitafuta kila siku.

Na makofi. Kwetu kwenye taarabu wimbo ukikugusa unanyanyuka unacheza mpaka mbele unamtunza mwimbaji. Huku ukinyanyuka mhudumu mwenye tochi anakufuata. Unasubiri wimbo uishe, unapiga, unanyamaza, kusimama ni mwisho tu, isipokuwa Mamma Mia ambayo mwishoni wanapiga nyimbo za kuchezea na jumba zima linaruka. Nilienda Lyceum na mama mmoja wa kwetu Tanga, tembo alipopita akaachia vigelegele, vile vya harusini kabisa, safu tatu zikageuka. Mimi nilikaa nikisubiri tochi. Haikuja, na yule dada aliyekuwa kwenye mguu wa mbele wa tembo naapa alicheka.

The Book of Mormon

Hii nimeiweka peke yake maana Waganda na Wakenya mnaniuliza sana. Ipo jumba la Prince of Wales, vijana wawili wamisionari wa Mormon, kanisa la Kimarekani, wanapelekwa kijijini Uganda. Ilipata tuzo 9 za Tony mwaka 2011, na kweli imeandikwa kwa ustadi, vichekesho vya dini vinauma vizuri. Ila Uganda yenyewe iliyomo humo ni ya kuokoteza, lugha wanayoimba haipo popote, shida zote za Afrika zimerundikwa kijiji kimoja. Niliiona na rafiki yangu wa Jinja. Kipande cha kwanza kalia kwa kicheko, cha pili kanyamaza anachezea pete yake. Mwaka 2020 waigizaji weusi waliwaandikia barua waandishi wake, na kabla haijarudi Broadway 2021 baadhi ya sehemu zikarekebishwa. Nendeni mkijua mnaenda kuangalia Wamarekani wanajicheka wao wenyewe huku sisi tumewekwa kama pazia la nyuma. Na msipeleke watoto wala mchungaji.

Watoto wapelekeni Matilda, iko Cambridge Theatre tangu 2011, kuna wimbo bembea zinatoka jukwaani zinapita juu ya vichwa vya watu wa safu za mbele, kwa hiyo hapo ni chini mbele. The Lion King hawaruhusu wa chini ya miaka 3, na kwa maoni yangu chini ya 6 atalala baada ya Mufasa, yule simba mfalme, kufa. Agosti kuna ofa inaitwa Kids Week, kila mtu mzima anayelipa bei kamili anaingia na mtoto mmoja bure, sasa viti vizuri vinaisha haraka, mwe na kadi ya benki mkononi tayari.