Mtungi wa kiko wa Kiajemi: namna ya kuutambua na kuusafisha

Hapa kwetu Mikindani, bibi alituachia mtungi wa kiko (chombo cha maji unamopita moshi wa tumbaku kabla ya kuvutwa), mweupe wenye maua ya bluu. Kila mgeni husema ni wa Kichina. Ugeuze kwanza. Papasa kitako pale pasipo na mng'ao: pakiwa peupe na pa chengachenga kama sukari, yaelekea ni wa Kiajemi, wa mawe ya kwazi (quartz) yaliyosagwa, unga wa kioo na udongo mweupe kidogo. Wafinyanzi wa Kirman, mji wa Uajemi, karne ya 17, waliziiga sana kauri za China.

Kisha tazama matundu. La juu hukaa digali, bomba linalobeba bori, yaani kikombe cha tumbaku; la ubavuni huchomekwa shilamu, mrija wa kuvutia moshi.

Kusafisha ndiko kunakoiua mitungi hii. Usiuloweke, tafadhali! Hunywa maji kupitia nyufa, na gundi ya zamani huachia. Mdomo wa wetu ulibanduka beseni lilipolala nao usiku kucha, na bado naumia. Futa kwa pamba yenye unyevu kidogo tu, uukaushe kivulini. Doa la tumbaku lililomo ndani liache. Ndilo linaloonyesha kwamba kiko hiki kililia kweli, maji yakibubujika kilipovutwa.