Kurekodi mawimbi ya usingizi Moshi: jasho lisikudanganye

Hatua ya 1: kichwa, ambako elektrodi (vidude vinavyobandikwa ngozini kunasa umeme wa ubongo) zitakaa. Mpimwaji aoshe nywele siku hiyohiyo, asipake mafuta, na chai au kahawa aiache tangu mchana. Twende kilioni haina shida, ngozi iko wazi kati ya mistari. Alama ya elektrodi ikiangukia juu ya msuko, fumua ule mmoja tu. Wivingi itoke yote.

Hatua ya 2: vipimo. Futi ya fundi cherehani inatosha. Pima toka kishimo cha juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, kisha sikio hadi sikio kupitia utosini. Nusu ya vipimo hivyo inapokutana ni Cz, alama ya katikati ya kichwa. Elektrodi ya C4 iko kulia kwake, asilimia 20 ya kipimo cha masikio: kikiwa sm 35, shuka sm 7. Inasomwa dhidi ya M1, mfupa wa nyuma ya sikio la kushoto. Elektrodi za macho: kushoto sm 1 chini ya kona ya nje, kulia sm 1 juu yake. Usisahau elektrodi za kidevu.

Hatua ya 3: sugua ngozi, bandika, pima ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi. Usizidi kilo-omu 5. Mstari wa mawimbi ukiwa mnene na mweusi, huo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Mara nyingi elektrodi moja imelegea. Ibandike upya kabla ya kukimbilia kichujio.

Hatua ya 4: soma kurasa za sekunde 30. N2, usingizi wa kati, ina spindeli, mawimbi 11 hadi 16 kwa sekunde yanayovimba na kusinyaa, angalau nusu sekunde. Yanatoka kwenye thalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, na yanahusishwa na kuhifadhi kumbukumbu. Kwenye REM, usingizi wa ndoto, macho yanarukaruka, kidevu kimelegea kabisa. N3, usingizi mzito, inataka mawimbi ya 0.5 hadi 2 kwa sekunde, yenye zaidi ya mikrovolti 75 kwenye elektrodi za mbele, yajaze angalau sekunde 6 za ukurasa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Januari na Februari, Moshi ikichemka, jasho huyumbisha mistari polepole, na asiyezoea huandika N3 usiku kucha. Jasho huwa chini ya 0.5 kwa sekunde, halina umbo thabiti, na mara nyingi huzidi upande aliolalia. Usipandishe kichujio cha chini, kile kinachokata mawimbi ya polepole, utanyoa na mawimbi halali. Punguza blanketi, washa feni, futa jasho, bandika upya. Kurasa zilizokwisha kuharibika zisomwe kwa elektrodi za upande mkavu.