Bibi asianguke usiku, anza na njia ya chooni

Jamani nyie wenye wazee nyumbani, hasa huku Ujiji ambako nyumba nyingi choo kiko uani, pita mwenyewe usiku toka kitandani kwake mpaka chooni uone anakanyaga nini. Kipindi cha mvua udongo unateleza balaa, mwaga kokoto au changarawe, funga mti imara ukutani wa kushikilia, tochi ikae pembeni ya mto na zile ndala zilizoisha soli tupa kabisa.

Kama anameza dawa za presha asiinuke ghafla, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika moja mbili kizunguzungu kiishe. Macho yapimwe, mtoto wa jicho anatolewa na mtu anaona tena. Dagaa wetu ale wazima na mifupa yake, kalsiamu iko humo.

Na akianguka akashindwa kusimama, mguu ukaonekana mfupi umegeukia nje, hapo nyonga huenda imevunjika, tafadhali msimnyanyue kwa kumvuta mikono wala msimchue, bibi yangu alichuliwa siku tatu ndo tukampeleka hospitali, maumivu aliyopata mpaka leo yananiuma.