SOMO: Shina moja la viazi vitamu, maumbo mawili

Kila muhula swali ni lilelile: "Kama jeni ni zilezile, mbona sura tofauti?" Jeni ni maagizo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamtumia hii.

1. Tafuta marando ya shina MOJA. Yote yana jeni zilezile.

2. Kata vipande sita. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Kipande cha nchani ni kichanga na huchipua upesi. Cha karibu na mzizi kimeshakomaa. Ukipeleka vya nchani juani na vya chini kivulini, utasema jua limefanya kazi, kumbe ni umri wa kipande. Vyote vitoke nchani, vifundo idadi sawa, kisha piga kura kipi kiende wapi. Rando lenye majani yaliyojikunja au mabaka ya njano liache kabisa: huenda lina virusi, na litakudanganya.

3. Makopo yanayofanana, udongo mmoja.

4. Matatu juani, matatu kivulini. Mwagilia udongo ukikauka, usifuate ratiba. Kivulini hukauka polepole.

5. Baada ya wiki nne hivi, pima. Kivulini majani huwa mapana lakini mepesi, na vifundo vimeachana. Juani majani ni madogo, mazito, vifundo vimebanana.

6. Hamishia kopo moja la kivulini juani. Majani ya zamani hayatageuka, mapya yatatoka ya kijuani. Msiiruke hatua hii: ndiyo inayoonyesha kuwa kivuli hakikubadilisha jeni.

MASWALI

— Naweza kutumia mahindi?
Soma hatua ya 1. Mahindi huchavushwa na upepo. Punje za gunzi moja zinaweza kuwa na baba tofauti.

— Kwa hiyo kivuli kimebadilisha jeni?
Hatua ya 6 umeifanya, au umeipita tu?

— Samahani mwalimu, mazingira yakiwa sawa kabisa, tofauti zitaisha?
Umeuliza vizuri. Haziishi. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Texas A&M, Marekani, kilinakili paka jike wa rangi tatu, yaani kilitumia seli yake kupata paka mwingine mwenye jeni zilezile. Nakala hiyo, aliyeitwa CC, hakuwa na rangi ya machungwa hata kidogo. Paka jike ana kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) X mbili, na angali kiinitete kila seli huzima moja kwa bahati nasibu. Kwa paka wa rangi tatu, jeni ya machungwa imo kwenye X moja tu. Seli iliyonakiliwa ilikuwa imeizima X hiyo, ikabaki imezimwa. Angalia pia mapacha wa kufanana: wamelala tumbo moja, alama za vidole mbalimbali.

— Matembele ya kivulini yanalika?
Yanalika, tena laini. Ila uchume baada ya kupima.

— Mimi mama watoto kashachuma.
Rudi hatua ya 2.